Kwa nini eapoti kubwa zinatutembeza hivi? Geti unaliona kwa macho, kulifikia ni safari nyingine

#1 Bwiru Juu
Wakuu habari za jioni.

Nimerudi Mwanza kutoka kufuata mzigo na kuna jambo limenikaa kooni. Kiwanja sikitaji, shirika silitaji, msinilazimishe. Jueni tu ni moja ya zile eapoti kubwa ambazo abiria wengi hawana shida na mji wenyewe, wanapita kuunganisha ndege.

Tumeshuka, tukaingizwa kwenye korido ndefu yenye ukuta wa kioo. Upande wa pili wa kioo kuna watu wamekaa, na juu ya vichwa vyao imeandikwa namba ya geti langu, ileile iliyo kwenye pasi yangu. Mbele kabisa kuna dada anamlisha mtoto biskuti, naona mpaka makombo kwenye kifua cha mtoto. Nikasema basi, nimefika, natafuta mlango niingie nikae.

Wapi! Mlango hakuna. Mishale inatusukuma mbele. Panda ngazi za umeme, foleni ya mashine, vua mkanda, vua viatu, toa kompyuta. Ukimaliza kufunga mkanda unainua macho uko katikati ya duka. Siyo pembeni ya duka, katikati. Njia yenyewe imepinda kushoto, ikapinda kulia, manukato huku, chokoleti kule, chini vigae vinang'aa na hakuna hata sehemu moja ilionyooka. Kisha ngazi nyingine za kushuka, zulia la umeme, kona, zulia la pili. Nikatokea palepale kwa yule dada. Mtoto kashamaliza biskuti, kalala.

Hoja yangu: ni makusudi. Wachoraji wa haya majengo wanalipwa ili upite dukani upende usipende. Anayebisha alete hoja, siyo matusi.

#2 Nyakato Moja
Nimevuta kiti mbele kabisa. Wajuzi waje.

#3 Nshomile Original
Mleta uzi ni ugeni tu unakusumbua. Sisi wengine tulishazoea. Heathrow Terminali 5 majengo ya mageti ya B na C yako mbali, lakini kuna treni chini kwa chini, unasimama kidogo umefika. Tatizo ni kiwanja ulichochagua kwa kufuata tiketi ya bei chee.

#4 Dalali wa Mwaloni
Nshomile karibu. Tulijua Heathrow itatajwa kabla ukurasa wa kwanza haujaisha.

#5 Ngosha Mhandisi
Mwangaluka wakuu.

Mleta uzi nakubishia kwa hesabu. A380, ile ndege kubwa ya ghorofa mbili, ina mabawa ya mita 79.8 toka ncha hadi ncha. Boeing 777-300ER ni mita 64.8. ATR 72 tunazozijua huku ni mita 27 tu. Ndege ikiegeshwa pua ikitazama jengo, inadai upana wa mabawa yake pamoja na nafasi ya usalama kila upande. Panga A380 kumi upande mmoja: umeshavuka mita 800 na hujaweka choo wala msala. Ndiyo maana pale Dubai konkosi A na konkosi B (konkosi ni lile jengo refu la mageti) kila moja ina urefu unaokaribia kilomita. Hakuna njama hapo, ni mabawa.

#6 Bwiru Juu
Mabawa yanaeleza urefu, mkuu. Hayaelezi kona. Tangu lini bawa la ndege likapinda kuzunguka manukato?

#7 Binti Nansio
Nimecheka kwa sauti watu wakageuka. Ngosha jibu hiyo.

#8 Mzee wa Pasiansi
Wanangu, mnabishana bila kumgusa ng'ombe mwenyewe. Nimestaafu, lakini nimefanya kazi za viwanja vya ndege miaka mingi, upande wa abiria.

Ule ukuta wa kioo ndio jibu. Wewe Bwiru umetoka mahali ambapo ukaguzi wake kile kiwanja hakiutambui. Kwa hesabu zao wewe hujakaguliwa, hata kama hapa ulivuliwa viatu. Yule dada wa biskuti amekaguliwa. Mkikutana mkapeana mkono tu, ukumbi mzima unahesabiwa kuwa umechafuka, na sheria inataka watu wote watolewe wakaguliwe upya. Kwa hiyo anayefika na anayeondoka wanatenganishwa, ama kwa kioo, ama kwa ghorofa. Unapandishwa juu kwa sababu mashine zimewekwa sehemu moja.

Kuna njia nyingine. Changi kule Singapore, Terminali 1 hadi 3, mashine ziko kwenye mageti. Ukishuka unatembea huru, unakaguliwa unapoingia geti lako. Raha kwa abiria, lakini kila geti linataka mashine yake na watu wake. Wengi hawataki gharama hiyo, kwa hiyo gharama wanakuachia wewe, unailipa kwa miguu.

#9 Nyakato Moja
Shikamoo mzee. Umetisha.

#10 Mzee wa Pasiansi
Marahaba.

#11 Bwiru Juu
Mzee nakuheshimu, lakini hata wewe umeeleza kupanda na kushuka. Baada ya mashine, kwa nini nisinyooke? Kwa nini duka?

#12 Kamanga Pantoni
Hapa namuunga mkono mleta uzi. Viwanja havili ada za ndege peke yake. Kabla ya korona, karibu asilimia 40 ya mapato ya viwanja duniani ilitokana na vitu visivyo ndege: maduka, maegesho ya magari, pango, matangazo. Maduka ya Dubai yasiyo na ushuru, yaliyoanza Disemba 1983, mwaka 2024 yaliuza zaidi ya dola bilioni 2. Mtu akikuletea hesabu kama hiyo mezani, na wewe ndiye mchoraji, utanyoosha njia?

Halafu jiulizeni kwa nini duka liko baada ya mashine na siyo kabla. Kabla ya mashine roho iko juu, unawaza mkanda na chupa ya maji. Ukishavuka unashusha pumzi, na hapo ndipo wanakupokea na kikapu.

#13 Bwiru Juu
Kamanga kula tano. Wabeja sana.

#14 Ngosha Mhandisi
Asilimia 40 siyo ushahidi wa kona. Hata mimi nikiwa na fremu stendi ya Nyegezi nitaiweka wanapopita watu. Jengo refu lingekuwepo hata bila chokoleti moja.

#15 Igoma Center
Ngosha, na wewe umeruka jambo. Umeeleza Dubai kana kwamba mtu alikaa siku moja akachora yote. Konkosi C ilijengwa kwanza, mwaka 2000, ikiwa ya Terminali 1. Terminali 3 na konkosi B zikafunguliwa Oktoba 2008. Konkosi A, ambayo ndiyo iliyojengwa mahsusi kwa A380, ikaja 2013. Konkosi D ikaja 2016, na abiria wa Terminali 1 wakawa wanapelekwa huko kwa treni. Sasa mtu akishuka C anaunganisha A, anatembea ndani ya miaka kumi na tatu ya maamuzi ya watu tofauti. Na ndege nyingi za shirika la flydubai ziko Terminali 2, ng'ambo ya njia za kurukia kabisa, unapelekwa kwa basi. Hakuna aliyepanga hivyo toka mwanzo. Abiria waliongezeka kuliko ramani.

#16 Nshomile Original
Ndiyo maana nasema pitieni Istanbul. Jengo moja, paa moja, mita za mraba milioni 1.4. Na sasa hivi ndiyo inayoongoza kwa abiria, Dubai kaachwa.

#17 Igoma Center
Nshomile hapo umetupiga kamba. Mwaka 2024 Dubai ilihudumia abiria milioni 92.3, Istanbul kama milioni 80. Na ukihesabu abiria wote pamoja na wa ndani ya nchi, Atlanta yuko juu yao wote, milioni 108. Atlanta wenyewe majengo ya mageti yamepangwa sambamba kama mistari ya daftari, treni inapita chini yake yote, toka 1980. Ndiyo ramani inayoigwa mpaka leo.

Halafu hilo paa moja la Istanbul ulishawahi kulitembea toka mwanzo mpaka mwisho?

#18 Nshomile Original
Mimi napanda kile kigari cha umeme.

#19 Mtu wa Majita
Hahahahaha!

#20 Dalali wa Mwaloni
Nyote mmepita pembeni. Shida ni saa, siyo jengo.

Njooni Mwaloni Kirumba alfajiri. Mitumbwi inaingia yote kwa mkupuo kwa sababu wanunuzi wapo saa hizo, na wanunuzi wanakuja saa hizo kwa sababu mitumbwi ipo. Hapo kupita na ndoo ya dagaa ni kazi ya kupigana vikumbo. Rudi saa tisa mchana, unaweza kucheza mpira. Kitovu cha ndege, yaani kiwanja cha kuunganishia safari, kinaishi hivyohivyo. Mimi napitia Addis nikienda Guangzhou, kwa hiyo nawaambia ninachokijua. Alfajiri zinatua za Ulaya, Mashariki ya Kati na Asia, zinamwaga watu, kisha kuanzia saa mbili tatu asubuhi zinaondoka za Afrika: Dar, Kilimanjaro, Entebbe na kwingineko. Jioni inageuka, za Afrika zinarudi, na usiku zinaondoka za mbali. Bila kukutanisha ndege hivyo, abiria wa Mwanza na wa Lusaka wasingepata ndege moja ya kwenda China.

Kwa hiyo foleni ya mashine aliyoikuta mleta uzi ni ya watu wa ndege kibao zilizotua ndani ya saa moja. Angepita hapo mchana asingeandika uzi huu.

#21 Mtu wa Majita
Dalali kumbe ilikuwa Addis! Basi mimi nina jibu ambalo hakuna aliyelitoa. Kiwanja cha Bole kiko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari. Ziwa letu liko mita 1,134. Mtu wa Bwiru amekimbia na mabegi kwenye hewa nyembamba, pumzi imekata, akadhani jengo ndiyo refu.

#22 Bwiru Juu
Nani kasema Addis? Aliyeitaja ni Dalali kwa safari zake mwenyewe. Mimi sijataja na sitataja. Na nilikuwa natembea, sikukimbia.

#23 Ngosha Mhandisi
Mtu wa Majita ametania ila kuna ukweli ndani yake. Hewa nyembamba inasumbua ndege kuliko inavyomsumbua Bwiru. Ndege ya kutoka Addis kwenda Marekani haiwezi kuruka na mafuta ya safari nzima pamoja na abiria na mizigo, kwa hiyo inasimama njiani kuongeza mafuta. Kurudi inakuja moja kwa moja. Wanaopanga kiwanja kipya upande wa Bishoftu, nje ya Addis, wanafuata pia hilo: kule ni chini zaidi. Terminali 2 ya Bole ilipanuliwa 2019 ifike abiria milioni 22 kwa mwaka, na bado wanaona haitoshi.

#24 Mama wa Mabatini
Nyie wanaume mnapima mabawa, mtu mzima anapoteaje mle ndani hamsemi. Ukiwa hujui Kiingereza ile mishale ina faida gani?

#25 Binti Nansio
Mama wa Mabatini umenigusa, acha nisimulie.

Mama yangu ni mtu wa Ukerewe, anajua Kikerewe na Kiswahili. Dada yangu yuko Uholanzi, alijifungua, mama ikabidi aende. Peke yake. Wakati wa kukata tiketi tukaomba kiti cha magurudumu. Aliposikia akawaka: "Mimi kilema? Shamba nalilima mwenyewe mpaka leo, mnipandishe kiti?" Tukambembeleza kwamba siyo kwa ajili ya miguu, ni ili apate mtu wa kumwongoza. Akakubali kwa shingo upande.

Nilimwandikia karatasi kwa Kiingereza: jina, namba za ndege zote mbili, simu ya dada, na sentensi moja kwamba anaongea Kiswahili tu. Nikaitia kwenye nailoni ya kuning'iniza shingoni. Mama akaona ni aibu, akaitoa, akaifunga kwenye pindo la kanga pamoja na hela na pasi ya kupandia. Alipofika kule, kijana wa kiti akamwomba pasi. Mama akaanza kufungua fundo. Ile anafungua, zikatoka noti, ikatoka dawa ya presha, ikatoka picha ya mjukuu, karatasi iko chini kabisa imekunjwa mara nne. Kijana akasubiri kwa heshima mpaka mwisho, akaisoma, akamwambia "jambo mama". Baada ya hapo mama anasema ilikuwa raha tupu. Lifti, milango ya pembeni, mashine wamepita mbele ya foleni. Hayo maduka ya mleta uzi hajayaona kabisa.

Kilichomtisha ni ngazi za umeme za Dar, kabla hata ya safari kubwa. Alisimama mbele yake, mguu anautoa anaurudisha, nyuma watu wanagumia. Hakuna mshale unaokufundisha hilo.

#26 Mama wa Mabatini
Mungu amweke mama. Hilo la pindo la kanga ni mama yangu kabisa.

#27 Nyakato Moja
Samahani dada Nansio, lakini mimi hapa sikubaliani. Viti ni vya wasiojiweza. Mtu anayelima akichukua kiti, mgonjwa wa kweli anasubiri mlangoni mwa ndege. Nimeona safari moja foleni ya viti ni ndefu, ndege ikatua watu wote wakainuka wakatembea. Tukawa tunaitana wenye miujiza.

#28 Binti Nansio
Nyakato, niambie basi huduma gani nyingine ingempokea mtu asiyejua lugha akiwa peke yake. Wangeiweka ningeomba hiyo.

#29 Mzee wa Pasiansi
Wote mna hoja. Huduma ya kiti ni bure, ila iombwe mapema, wakati wa kukata tiketi au angalau saa 48 kabla. Ukiomba una nafasi ya kusema kiwango: kuna anayeweza kupanda ngazi ila hawezi mwendo mrefu, kuna asiyeweza ngazi, kuna wa kubebwa mpaka kwenye kiti chake ndani ya ndege. Mseme ukweli kuhusu kiwango, maana ndiyo inayowaambia walete kiti tu au gari la kuinulia. Mashirika mengi pia yana huduma ya kupokea na kuongoza bila kiti, ila nyingi zinalipiwa. Ndiyo maana watu wanakimbilia kiti.

#30 Pasua Kichwa
Mimi nina swali dogo. Wakati mnatembea mnasubiri kuitwa kwa spika au? Kuna kiwanja nilikaa mbele ya duka la kahawa nikisubiri kusikia jina la ndege yangu. Kimya. Nakuja kuuliza, geti limefungwa.

#31 Igoma Center
Viwanja kadhaa vikubwa, Dubai na Changi wakiwemo, viliacha kutangaza kila ndege kwa spika. Fikiria ndege zote zile zikitangazwa, kwa lugha mbili au tatu, masaa ishirini na manne, watu wangechizika. Kazi imehamishiwa kwenye skrini. Angalia skrini kila unapopita, maana na namba ya geti inabadilika. Geti lenyewe kwa kawaida linafungwa kabla ya muda wa kuondoka, dakika kumi na tano au ishirini, siyo ule muda ulioandikwa.

#32 Sengerema Mjini
Na saa nazo! Ndugu yangu alikuwa na tiketi ya tarehe 14, saa 00:40. Akaaga vizuri, akachinjiwa jogoo, akafika eapoti saa nne usiku tarehe 14. Ndege iliondoka usiku wa kuamkia tarehe hiyo, yeye akiwa amelala Sengerema.

#33 Dalali wa Mwaloni
Pole yake. Ukipita Addis ndiyo uwe makini zaidi, maana Wahabeshi wanahesabu saa kama sisi: jua likichomoza ni saa kumi na mbili, baada yake saa moja. Mtu wa mtaani akikuambia saa mbili asubuhi unaelewana naye kabisa, ila tiketi inasema 08:00. Mswahili na Mhabeshi wanaweza kukubaliana vizuri sana na wote wawili wakaachwa.

#34 Kamanga Pantoni
Turudi kwenye mada. Kuna kisa cha Houston, Marekani, kinasimuliwa sana. Abiria walilalamika kusubiri mabegi. Wakaongeza wabebaji, malalamiko yakaendelea. Mwisho wakahamisha mageti ya kushukia mbali zaidi na sehemu ya mabegi. Watu wakawa wanatembea muda mrefu, wakifika begi lipo. Malalamiko yakapungua sana. Kwa hiyo kuna wakati unatembezwa ili usijue kwamba unasubiri. Hii mimi naona ndiyo siri, kuliko hata maduka.

#35 Ngosha Mhandisi
Hiyo ni kwa anayefika mwisho wa safari. Mleta uzi alikuwa anaunganisha, begi lake halikuwa na habari naye. Kisa kizuri lakini hakimhusu.

#36 Kamanga Pantoni
Begi lake nalo lazima lihame ndege, Ngosha. Unafikiri muda wa chini wa kuunganisha wanaupanga kwa miguu ya Bwiru peke yake? Frankfurt wanauza dakika 45. Ndani ya hizo dakika begi lishushwe, likaguliwe, lipangwe, lipakiwe. Mtu akifika mapema kuliko begi lake haimsaidii mtu yeyote.

#37 Mzee wa Pasiansi
Ngoja niwape mfano wa waliojaribu anachokitaka Bwiru. Kansas City, Marekani, 1972. Walijenga majengo matatu ya duara, wakajisifu kwamba unashuka kwenye gari, hatua chache uko kwenye geti. Hakuna kutembea. Mwaka uliofuata Marekani ikaagiza kila abiria akaguliwe, kwa sababu ya utekaji wa ndege. Jengo jembamba, mashine zikawekwa vipande vipande, ukishakaguliwa unabanwa kwenye ukumbi mdogo, choo huna, chakula huna. Na aliyetaka kuunganisha ndege ya duara jingine alitoka nje. Shirika la TWA, ambalo lilitaka pafanywe kitovu chake, likahamishia nguvu zake St. Louis mwaka 1982. Mwaka 2023 wakafungua jengo moja jipya, lenye ukaguzi sehemu moja na, ndiyo Bwiru, maduka.

Kitovu na mwendo mfupi havikai nyumba moja kwa urahisi.

#38 Bwiru Juu
Mzee, kwa hiyo niliyekuwa na haki ni mimi: walipojenga upya waliweka maduka.

#39 Mtu wa Majita
Huyu jamaa hashindwi. Kwao ni Bwiru au Tarime?

#40 Nyakato Moja
Kwa kweli mimi napenda Mwanza yetu. Unashuka ngazi za ndege, upepo wa ziwa unakupiga, unatembea kwa miguu, hata simu haijapata mtandao ushafika kwenye jengo. Nje daladala hiyo, Pasiansi, Kirumba, mjini.

#41 Igoma Center
Ni kwa sababu ndege ni chache. Zikiwa nyingi huwezi kuwaacha watu watembee kati ya injini. Halafu wanaodai Mwanza iwe kitovu cha Maziwa Makuu ndio haohao watakuja kulalamika geti liko mbali.

#42 Sengerema Mjini
Mwanza siyo tatizo, tatizo ni Dar. Terminali 3 ilipofunguliwa Agosti 2019 ndege za kimataifa zikahamia huko, za ndani zikabaki Terminali 2. Ukitoka Mwanza unaunganisha nje ya nchi, unatoka jengo moja na mizigo yako, unatafuta usafiri, unaenda jengo jingine, unaanza mashine upya. Mleta uzi angalau alitembea kwenye zulia.

#43 Ngosha Mhandisi
Kwa taarifa yenu Terminali 2 ya Dar, ya 1984, ilichorwa na Mfaransa Paul Andreu, yuleyule aliyechora lile duara la Charles de Gaulle Terminali 1, Paris, la 1974. Kwa hiyo tunatembea kwenye kazi ya fundi mkubwa, tatizo hatujui.

#44 Nshomile Original
Charles de Gaulle naifahamu sana.

#45 Dalali wa Mwaloni
Tulikuwa tunakusubiri.

#46 Pasua Kichwa
Sengerema, hilo la mizigo linategemea tiketi. Ukiwa na tiketi moja mpaka mwisho na mashirika yana makubaliano, uliza kaunta ya Mwanza begi linafika wapi, na soma kile kikaratasi wanachobandika, herufi tatu za kituo cha mwisho cha begi. Ukiona DAR, unalichukua Dar. Ukiona CAN, mtaonana Guangzhou. Ukiwa na tiketi mbili tofauti, begi ni lako, na ndege ya pili haikungoji ya kwanza ikichelewa.

#47 Mama wa Mabatini
Asante mwanangu, hiyo ndiyo nilikuwa naitafuta. Na mimi naenda kwa binti yangu Ujerumani. Dagaa wa kukaanga wataruhusu?

#48 Igoma Center
Mama, nchi za Umoja wa Ulaya nyama na maziwa ni marufuku kabisa kwenye begi la msafiri, watanyang'anya. Samaki kwa matumizi yako wanaruhusu, mpaka kilo 20. Weka kwenye begi la kupakia, siyo la mkononi. Na asali au achari ikizidi mililita 100 usiibebe mkononi, kwenye mashine za katikati ya safari huko wanaweza kuitupa hata kama Mwanza ilipita.

#49 Mtu wa Majita
Kilo ishirini za dagaa! Mama, Ujerumani nzima itajua Ziwa Viktoria limefika.

#50 Mama wa Mabatini
Nafunga nailoni tatu na gazeti. Nataka na furu wachache. Kuna mtu anajua mahali Mwaloni wanapouza waliokauka vizuri, wasio na mchanga?

#51 Dalali wa Mwaloni
Njoo kwangu mama, ila siyo saa tisa mchana.